Mheshimiwa wa Soko la Tabora

Siku ya tatu ya kazi yake sokoni Tabora, Teodor Hnatiuk aliulizwa swali alilokuwa akilikwepa tangu ashuke garimoshi.

"Bwana Teodori," alisema Shomari bin Mabruki, mpimaji mkuu wa nafaka, huku akifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, "huko kwenu ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Teodori angeweza kusema alikuwa mwalimu, maana hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini Shomari alikuwa mtu mzima kama yeye, mwenye mvi na kofia safi, na aliuliza kwa adabu. Akaona aibu kumficha.

"Nilikuwa mbunge," akajibu. "Na kabla ya hapo nilikuwa mkuu wa chakula wa wilaya nzima, katika serikali yetu."

Kitambaa kikasimama. Wanawake wa mtama waliokaa jirani wakageuka.

"Serikali yenu ipi?" aliuliza Shomari.

"Ya Ukraini."

"Na sasa iko wapi?"

"Haipo. Ilidumu miezi minane."

Flavia, aliyekuwa na meza ya kwanza karibu na lango, mama wa watoto wanne na sauti inayofika stesheni, akapiga makofi. "Miezi minane! Jamani, hata mimba haijatimia!"

Soko zima likaangua kicheko. Teodori mwenyewe, ambaye kwa miaka mingi hakupenda kuzitaja siku zile, alijikuta akicheka nao. Tangu asubuhi hiyo hakuitwa tena msimamizi wa soko. Aliitwa Mheshimiwa, na kila aliyelitamka jina hilo alitabasamu kidogo pembeni mwa mdomo.

Walichokicheka kilikuwa maisha yake yote. Alizaliwa kijijini, mtoto wa mkulima mfuga nyuki, akasoma kwa taabu mpaka akawa mwalimu. Mwaka 1918, ufalme uliokuwa ukiwatawala ulipovunjika, watu wa wilaya yake walimchagua akiwa na miaka ishirini na minane aingie katika serikali mpya. Walimkabidhi maghala ya ngano, wakamwambia: hakikisha hakuna anayelala na njaa. Alifanya kazi kama punda. Lakini ghala kubwa kuliko yote hakulifungua, kwa kuwa hati yenye muhuri kutoka makao makuu haikuwa imefika, naye alikuwa kijana anayeheshimu mihuri. Jeshi la maadui likafika kabla ya hati. Ngano ikaliwa na farasi wa watu wengine, na masika yale wanakijiji waliompigia kura walizika watoto.

Alichaguliwa tena miaka kumi baadaye, safari hii kwenye bunge la nchi iliyowatawala, akasimama humo kudai shule na barabara. Kisha ikaja vita kubwa ya pili. Askari walimkamata chumbani mwake, wakampeleka nchi ya theluji kukata magogo. Alipofunguliwa, yeye na mkewe Olena, aliyekuwa amepelekwa huko naye, walisafiri na wakimbizi wengine mpaka Uajemi, na huko Olena akafa kwa homa. Teodori alipanda meli peke yake. Katika kambi ya wakimbizi ya Tanganyika alikaa karibu miaka minne, akajifunza Kiswahili kwa mpishi wa kambi, mtu asiyekubali makosa. Vita ilipokwisha, wenzake walikwenda Kanada na Uingereza. Kwa Teodori, kurudi nyumbani kungekuwa kurudi gerezani. Ndipo aliposikia kuwa soko la Tabora linatafuta msimamizi, kazi ya vumbi na kelele ambayo wazungu wengine waliikataa. Akaiomba siku hiyohiyo.

Wiki ya pili aligundua kwa nini akina mama wa vijijini walikuwa wakiondoka sokoni wakinung'unika. Baadhi ya wachuuzi walionunua nafaka kwao walitumia pishi kubwa kupita kiasi, na walipowauzia wengine walitumia pishi yenye kitako kilichoinuliwa kwa ndani. Teodori hakuhutubia mtu. Alimwendea mfua bati, akatengenezewa pishi moja ya chuma iliyopimwa sawasawa, akaifunga kwa mnyororo langoni mwa soko.

"Mwenye shaka na kipimo," alisema, "alete nafaka yake hapa, tupime mbele ya watu."

Wa kwanza kuja alikuwa Flavia. Alimwaga mtama alioununua dakika hiyo, na pishi ya chuma haikujaa. Ilibaki nafasi ya ngumi mbili. Flavia aliinua kichwa, akamtazama mchuuzi aliyemuuzia. Mchuuzi yule alianza kufunga virago vyake kabla hajaambiwa neno.

"Mheshimiwa," alisema Flavia, na safari hii hakutabasamu, "kumbe hiyo miezi minane hukuwa umelala."

Miaka mitatu ikapita hivyo. Teodori alipanga nyumba ya udongo mtaa mmoja na Shomari. Jumapili alikwenda kwa baiskeli kusali seminari ya Kipalapala, jioni alicheza bao na kufungwa. Watoto wa mtaani walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa sauti nzito iliyowafanya wacheke.

Kisha mvua za mwaka 1949 zikakataa kunyesha.

Mahindi yalinyauka yakiwa ya magoti. Mtama ulitoa vichwa vitupu. Kufikia Oktoba, meza za sokoni zilibaki na mabamia makavu na chumvi. Serikali iliagiza mahindi ya njano kutoka nje, yakaja kwa reli, yakajazwa kwenye ghala kando ya stesheni, magunia maelfu. Mlango ukatiwa kufuli, na funguo akapewa Teodori. Amri ilikuwa fupi: chakula kisitoke mpaka hati ya mgao ifike kutoka Dar es Salaam.

Hati haikufika wiki ya kwanza. Haikufika ya pili wala ya tatu.

Mwanzoni mwa Desemba, Flavia alirudi kutoka Ziba alikozaliwa, alikokwenda kumwona kaka yake Lugembe. Alikuwa ameondoka mnene wa wastani, akarudi amekonda kwa siku tisa. Alisimama mbele ya meza ya Teodori, hakuketi.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Mama Damas. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kukuambia nilichokiona. Jirani wa kaka yangu amekata ngozi ya ng'ombe iliyokuwa ya kitandani, akaichemsha siku nzima, akawapa watoto. Nimemwona kwa macho yangu akiwanywesha yale maji. Na njia nzima mpaka Nzega nimehesabu makaburi mapya, halafu nikaacha kuhesabu." Akaonyesha funguo kwa kidole. "Wewe una funguo. Unasubiri nini?"

Teodori alifungua mdomo aseme: nasubiri hati. Badala ya kusema, aliona ghala jingine, lenye ngano, na kijana wa miaka ishirini na minane akichungulia barabara kama mjumbe wa makao makuu anakuja.

"Nipe mpaka saa sita," akasema.

Alichukua karatasi, akaandika mistari minne, akaenda nayo bomani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikuwa likizoni Uingereza. Kaimu wake alikuwa Mwingereza kijana, mwenye miezi michache tu nchini.

"Ruhusa haijafika, Bwana Hnatiuk," alisema yule kaimu kabla hajaulizwa. "Nimepeleka simu tatu. Unafikiri mimi sioni?"

"Najua unaona. Ndiyo maana nimekuletea hii." Teodori akaiweka barua mezani. "Nimeandika kwamba nimefungua ghala kwa uamuzi wangu mwenyewe, na kwamba wa kulaumiwa ni mmoja, mimi. Ukitaka kunikamata, nitakuwa stesheni. Napakia lori."

Kijana yule alisoma mstari wa kwanza. Uso ukamwiva. Aliitazama barua, akamtazama mzee aliyesimama mbele yake na koti lake la sufu kwenye joto lile, kisha akaikunja polepole, akaitia mtotoni mwa meza.

"Leo ni Ijumaa," akasema. "Barua zangu nitazisoma Jumatatu. Na lori mbili za boma hazina kazi mwisho wa wiki."

Teodori alirudi stesheni karibu akikimbia. Kufuli lilipofunguka na harufu ya mahindi ikamjia usoni, alikaa juu ya gunia la kwanza, akavuta pumzi mara tatu, ndipo akasimama na kuita wapagazi.

Lori zilitoka Jumamosi asubuhi. Kesho yake, Jumapili, lori moja ilirudi na habari mbaya. Mvua iliyokataa mwaka mzima ilikuwa imeanza kunyesha yote kwa pamoja. Baada ya Nzega, mbuga ya udongo mweusi ilikuwa imegeuka uji, na lori nyingine ilikuwa imezama mpaka milango. Ziba ilikuwa mbele ya matope hayo, na hakuna gari ambalo lingevuka kabla ya mwezi kwisha.

Teodori alitandaza ramani juu ya mizani. Aliipinda huku na huku. Katika nchi yake alijua reli, farasi, na magari ya kuteleza juu ya theluji. Mbuga hakuijua.

"Basi tumekwama," akasema.

Shomari alikuwa amesimama nyuma yake, akiitazama ramani kama mtu anayetazama picha mbaya ya ndugu yake.

"Lori ndiyo imekwama," alisema. "Bwana Teodori, unajua jina la baba yangu lilikuwa na maana gani katika mji huu? Mabruki alikuwa kirangozi. Alitangulia mbele ya misafara, watu mia tano nyuma yake wanamfuata. Mimi mwenyewe nilibeba kijaluba chake cha tambuu nikiwa na miaka kumi na miwili. Hii barabara ya lori walichora Wajerumani, wakapita katikati ya mbuga kwa sababu walikuja kiangazi. Njia yetu haikupita hapo. Ilipita juu, kwenye mgongo wa mawe. Kutoka Nzega mpaka Ziba ni vituo vitatu, na kila kituo kina kisima."

"Unaikumbuka?"

"Miguu inakumbuka."

"Mtu mmoja atabeba kiasi gani?"

"Ratili sitini. Zaidi ya hapo ni kumwua mtu."

Teodori aliikunja ramani, akaiweka kando. "Nifundishe," alisema. "Kuanzia sasa mkuu wa safari ni wewe. Mimi ni karani wako."

Kazi ya siku mbili zilizofuata watu wa Tabora waliisimulia kwa miaka. Flavia alikusanya akina mama wa soko, Waislamu kwa Wakristo, wakaketi stesheni na sindano za magunia, wakigawa kila gunia kubwa katika mizigo mitatu. Mafrateri wa Kipalapala walikuja wamekunja mikono ya kanzu zao, wakashona kwa mishono mirefu ya ovyo, na Bi Batuli, mke wa Shomari, akaifumua yote na kuwaonyesha upya. Wapagazi walijitokeza mia mbili na sitini: vibarua wa reli, wakata kuni, mafundi viatu, hata wazee wawili waliowahi kutembea na Mabruki mwenyewe. Malipo yao yalikuwa mahindi ya kupeleka nyumbani. Hakuna aliyeomba kingine.

Lori iliyobaki na nyingine za kuazima ziliwafikisha Nzega. Kutoka hapo Shomari alitangulia, amevaa shuka nyekundu ya baba yake iliyokuwa imekaa sandukuni miaka thelathini. Alipaza sauti ya wito wa zamani, na wale wazee wawili wakaitikia, kisha mia mbili na zaidi wakaitikia, na mstari mrefu ukaanza kupanda mgongo wa mawe. Chini, upande wa kulia, mbuga ilikuwa ikimeta kwa maji.

Teodori alitembea katikati ya mstari na fimbo. Siku ya pili aliteleza, goti likavimba. Vijana walitaka kumlaza kwenye machela ya msafara.

"Machela imebeba mizigo miwili ya watu waliougua," alisema. "Mimi ninatembea." Akatembea, akitukana polepole kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa.

Siku ya tatu, jua likiwa bado juu, waliiona Ziba. Mtu wa kwanza kuwaona alikuwa mwanamke aliyekuwa akichimba mizizi kando ya njia. Alisimama, akaangusha jembe. Hakupiga kelele. Aliutazama mstari ule unaoshuka kutoka kwenye mawe, mtu nyuma ya mtu, mzigo nyuma ya mzigo, mpaka alipoamini. Ndipo akapiga kigelegele, chembamba, cha mtu asiye na nguvu, na kingine kikajibu kutoka nyumba za mbali, na kingine tena.

Lugembe, kaka wa Flavia, alikuja amejifunga mkanda uliozunguka kiuno mara mbili. Alitaka kupiga magoti, Teodori akamshika kwapani asipige.

"Bwana Lugembe, nisikilize. Sitaki chakula hiki kianze kwa jumbe na ndugu zake. Nani anajua kila nyumba ina watu wangapi?"

"Akina mama wanaojua ni wakunga," alisema Lugembe. "Bernadeta na wenzake. Wamewapokea wote hawa wakizaliwa."

"Basi wakunga ndio watakaogawa."

Na wakunga wakagawa. Bernadeta, bibi mfupi asiyejua kusoma, alisimama kando ya rundo akataja nyumba moja baada ya nyingine kwa kichwa, akianza na zile zenye watoto wa kunyonya. Hakuruka hata moja. Saa kumi jioni uji ulikuwa ukichemka katika kila ua. Yule mama aliyechemsha ngozi ya kitanda alikuja na wanawe watatu, wote hai, wakakaa chini wakanywa. Teodori aliwaangalia mpaka vibuyu vikawa vitupu. Kisha alikwenda nyuma ya ghala la Lugembe, akalia kama mtoto, na Shomari aliyemfuata hakumgusa wala kumwuliza. Alisimama tu pale, akamngoja amalize.

Msafara ulikwenda mara nane, mpaka njia ikakauka. Katika vijiji vyote vilivyofikiwa na wapagazi wa Shomari, kuanzia siku ile mpaka mavuno, hakuzikwa mtu aliyekufa kwa njaa.

Mwezi wa tatu barua mbili zilifika kutoka Dar es Salaam kwa posta moja. Moja ilimkemea vikali Bwana T. Hnatiuk kwa kufungua ghala bila kibali. Nyingine ilimpongeza kwa moyo wote kwa kazi njema. Yule kaimu kijana alizileta mwenyewe sokoni kwa mguu, akasoma zote mbili kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama, na Flavia akazirudia kwa nyongeza zake mpaka watu wakashika mbavu.

Mwaka 1954 wenye meza sokoni waliruhusiwa kuchagua kamati yao wenyewe na mwenyekiti wake. Teodori alikuwa amestaafu usimamizi, anafuga nyuki nyuma ya nyumba. Ujumbe wa watu sita ukamfuata, Shomari akiwa mbele.

"Hapana," alisema Teodori kabla hawajaketi. "Mimi ni mgeni. Chagueni mwenye mji."

Shomari alivua kofia, akaiweka gotini. "Mgeni," akasema. "Babu yangu alitoka Manyema, kamba shingoni. Bi Batuli wazee wake ni wa Pwani. Jirani yako anajiita Mwarabu. Flavia katoka Ziba juzi tu. Ndugu yangu, mji huu wote uliingia kwa miguu. Wewe tofauti yako umechelewa kidogo."

Teodori aliitazama mizinga yake ya nyuki. Alikuwa amechaguliwa mara mbili maishani, na mara zote mbili askari walimnyang'anya aliyopewa na watu. Alihisi hofu ya zamani ikimpanda, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, chenye joto, alichokuwa amedhani kilibaki kwenye theluji.

"Nitasimama," alisema.

Kila mwenye meza alipewa kunde moja ya kutumbukiza katika kibuyu cha anayemtaka. Wagombea walikuwa watatu. Vibuyu vilipomiminwa juu ya mkeka mbele ya watu, cha Teodori kilitoa kunde mia tatu na kumi na saba. Viwili vingine kwa pamoja havikufika sitini. Soko lililipuka. Walimbeba juu kwa juu toka lango la mashariki mpaka la magharibi, mzee wa miaka sitini na minne, na neno Mheshimiwa lilipigwa kwa makofi na kwa masufuria, wala hapakuwa na aliyetabasamu pembeni mwa mdomo.

Na safari hii hakuja askari. Alikaa kwenye kiti kile miaka minne kamili. Wanawake waliokuwa wakiuza juani walipata banda la bati, kisima cha sokoni kikajengewa ukingo, na wakulima wa Igunga wakapewa pa kulala bure walipoleta mpunga. Aliyapigania yote hayo katika ofisi za boma kwa ukaidi uliowachosha makarani, mara nyingi Flavia akiwa naye, kwa sababu pale hoja zake zilipokwisha, sauti ya Flavia ilikuwa haijaanza.

Mwaka 1958, siku ya kuchagua tena, alikataa kugombea. Wajumbe kumi na mmoja wa kamati, ambao safari hii ndio waliopewa kumchagua mwenyekiti, walikutana chini ya banda la bati, Shomari akisimamia. Jina lililotajwa lilikuwa moja, Flavia. Watu wengine wa mjini walikuwa wamenong'ona kwamba mwanamke hawezi, na wawili kati yao walikuwa ndani ya kamati ile.

"Wanaomtaka," alisema Shomari.

Mkono wa Teodori ulikwenda juu kabla ya mingine. Akausikia mwili wake ukinyooka, kama siku alipokuwa kijana katika ukumbi wa baridi, mwaka 1918, wakiipigia kura nchi yao. Mkono wa pili ukafuata, wa tatu, wa sita. Wale wawili wakatazamana, kisha nao wakainua. Kumi na moja. Nje, akina mama wa mtama waliokuwa wakichungulia wakapiga vigelegele, na Flavia akaketi kwenye kiti cha mwenyekiti, akakivuta karibu na meza, akakohoa kusafisha koo.

"Asanteni," alisema. "Tuna kazi. Jambo la kwanza ni maji ya mvua yanayoingia upande wa samaki." Akageuka, na uso wake ukalainika. "Mheshimiwa, mkono bado uko juu. Ushushe baba, tuendelee."